Waliokosekana Mkutanoni

Tuliitwa wenye nyumba wa mtaa wetu, hapa Magomeni, tukaonyeshwa mchoro wa ghorofa: maduka chini, ofisi katikati, makazi juu. Nyumba zetu zingebomolewa, kila mmoja wetu apewe fleti. Vijana walishangilia. Wazee waliuliza jeneza litashushwaje ngazini.

Kwa kuwa niliwahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliombwa niseme. Niliwakumbusha jirani zetu wa Magomeni Kota: kaya 644 zilihamishwa, nyumba zikavunjwa, na majengo mapya yakazinduliwa mwaka 2022, baada ya takriban miaka kumi ya kuhangaika. Nikasema tusitie saini kabla ya kusoma mkataba. Nilipigiwa makofi.

Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa. Barazani nilimkuta mpangaji wangu, mama muuza maandazi, anayenilipa kodi huu mwaka wa kumi na tisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Na sisi, wamesemaje?"

Sikuwa na jibu. Kati ya vyumba vyangu sita, vinne wanakaa wapangaji, na hakuna aliyewataja, hata mimi. Tena wale wa Kota niliowatolea mfano walikuwa wapangaji vilevile! Kweli, nyani haoni kundule.

Miaka yote niliwafundisha walimu kuita majina kabla ya kuanza somo, wajue nani hayupo. Siku ile sikuita. Mkutano ujao nitakwenda naye. Akizuiwa mlangoni, tutarudi wote wawili.