Chumvi ya Punda

Mfugaji wa Piyaya anapokwenda kununua chumvi ya mifugo, aghalabu humfikiri ng'ombe kwanza, kisha kondoo na mbuzi. Punda hulamba kilichosazwa, kama kimesazwa. Desturi hiyo haina budi kumstaajabisha mtu atazamaye kazi za siku moja katika boma. Katika nyika ile ya wilaya ya Ngorongoro, mashariki ya Serengeti, maji huletwa na punda. Unga hurudi kutoka mnadani katika shogi za punda. Na boma linapohama, vyombo, ngozi na wana-mbuzi wasioweza mwendo hupandishwa juu ya punda. Wenye kumfunga na kumfungua ni wanawake, na punda akidhoofika mzigo wake haupotei: huhamia mgongoni mwa mwanamke.

Punda ni wa ukoo mmoja na farasi na punda milia. Farasi hakupata makao katika nchi hizi, kwa kuwa mbung'o walimwua, na maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi yakawamaliza wengi waliosalia. Kwa sababu hiyo elimu ya chakula cha wanyama wa ukoo huu imeandikwa mbali, juu ya farasi wa Ulaya na Marekani wanaolishwa majani mabichi na majani makavu, wala punda wa Kimasai hakuwa katika hesabu. Lakini matumbo yao yafanana, na elimu yaweza kuazimwa, maadam akumbukwe kuwa punda ni mdogo, tena hutosheka kwa chakula haba kuliko farasi.

Hesabu yenyewe ni hii. Farasi mzima asiye na kazi nzito huhitaji, katika kila kilo moja ya chakula kikavu, miligramu 40 za chuma, miligramu 40 za zinki na miligramu 10 za shaba. Punda wa kilo 150 alaye kilo 3 kwa siku atahitaji basi miligramu 120 za chuma, 120 za zinki na 30 za shaba. Sasa nyasi zikiwa na miligramu 200 za chuma katika kilo moja, kiasi ambacho si cha ajabu kwa nyasi za malisho, punda huyo amekwisha kumeza miligramu 600 kabla hajaonjeshwa chumvi yoyote: mara tano ya haja yake. Shaba ni kinyume. Nyasi za kiangazi zikiwa na miligramu 5 tu za shaba katika kilo, amepata nusu ya haki yake. Nyasi zimempa kwa ukarimu asichokihitaji na kumnyima akihitajicho.

Tena hesabu hiyo haikutia vumbi ndani. Nyasi za uwanda ule ni fupi, na mnyama azikataye karibu na mzizi hula na udongo. Udongo wenye chuma sehemu 3 katika 100 si wa nadra. Gramu 100 za udongo huo zina gramu 3 nzima za chuma. Sehemu kubwa hupita na kutoka katika mavi bila ya kumfaa wala kumdhuru mnyama, lakini si yote. Na mwili wa mnyama hauna mlango wa kukitolea chuma kilichozidi. Kikiisha kuingia katika damu hubaki, na ghala yake ni ini. Mwaka 2019 waganga wa wanyama wa Uholanzi walitangaza habari za farasi 21 na punda 1 walioharibika maini kwa chuma kilichojilimbikiza, nao walikuwa wamekunywa kwa muda mrefu maji yenye chuma kingi. Punda mmoja katika kundi la farasi 21 ni shahidi mdogo, lakini ni shahidi.

Hata hivyo dukani mambo huenda vingine. Katika duka la dawa za mifugo, liwe Wasso au Karatu, mawe ya chumvi hupangwa meupe na mekundu, na jekundu hupendeza macho. Wekundu ni alama ya damu, na damu ni nguvu. Mteja hufikiri hivyo, na mwenye duka hana sababu ya kumpinga. "Yeyo, chukua hili jekundu, lina madini yote," humwambia. Rangi hiyo mara nyingi ni kutu ya chuma iliyotiwa kwa ajili ya rangi tu. Chuma cha namna hiyo ni kigumu kumeng'enywa, kwa hiyo jiwe jekundu si sumu. Ila ni fedha iliyotolewa kununua kitu ambacho ardhi hukitoa bure kila upepo uvumapo. Na punda mwenye ufizi mweupe, ambaye kwa ajili yake jiwe lile limenunuliwa, aghalabu hakupungukiwa chuma katika chakula. Damu yake imenyonywa na kupe, au na minyoo, au imeharibiwa na ndorobo. Chuma hakiwaui hao.

Wazee wa Kimasai hawakuwa na mizani ya miligramu, lakini walikuwa na miguu. Mashariki ya uwanda umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa pekee duniani katika zama zetu utoao lava ya namna ya magadi. Majivu yake, kama yale ya mwaka 1966 na 2007, na majivu ya milima iliyokwisha kuzimika, yamefanya udongo wenye chokaa na chumvi, na nyasi zake zina kalsiamu, fosforasi na sodiamu kuliko nyasi ndefu za magharibi. Nyumbu wajua. Mwaka 1990 mtaalamu S. J. McNaughton alionyesha kuwa safari yao ya kila mwaka hufuata madini hayo, yanayohitajiwa na majike wanyonyeshao. Na kweli huzaa papo hapo katika nyasi fupi, wengi wao mwezi wa Februari. Ng'ombe nao wangenufaika na nyasi hizo, lakini ndama wa nyumbu huambukiza virusi viuavyo ng'ombe, na Wamasai huuita ugonjwa huo kwa jina la nyumbu mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe huondolewa majani yakiwa katika ubora wake, na kurudishwa yakiwa yamekwisha kuliwa.

Njia za kuondoka na kurudi zimepungua. Mwaka 1959 Wamasai walitoka katika hifadhi ya Serengeti. Juni 2022 ziliwekwa alama za kutenga kilomita za mraba zipatazo 1,500 upande wa Loliondo. Yako mengi ya kusemwa juu ya mipaka hiyo, na yamesemwa mahakamani. Kwa habari ya chumvi latosha hili: mnyama aliyeweza kwenda kwenye udongo wa chumvi hakuhitaji mfuko wa dukani, na aliyezuiwa anauhitaji. Mfuko una bei.

Badala ya mfuko wengine huokota magadi. Yapo tele, na sodiamu ni haja ya kweli ya punda atokaye jasho chini ya mzigo. Walakini magadi ya Bonde la Ufa hubeba floridi, ileile iliyopaka kahawia meno ya watu wengi wa Arusha na Meru, na mnyama mchanga aliyekula floridi nyingi hukua na meno yaliyoliwa na mifupa yenye uvimbe. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, karibu na ziwa Manyara, yana kasoro hiyohiyo. Ni mbolea njema, lakini hayafai kusagwa na kulishwa yalivyo. Wala mtu asidhani kuwa majivu ya volkano ni mamoja kila mahali. Karibu na Nakuru ng'ombe wa walowezi walikonda na kufa katikati ya majani tele, ugonjwa ukapewa jina la mji, na mwisho ikajulikana kuwa udongo ule wa volkano ulikuwa na upungufu wa kobalti. Mlima mmoja hutoa, mwingine hunyima.

Basi akichaguliwa chumvi, punda achaguliwe ile ambayo katika orodha yake shaba na zinki zimetajwa kwa kiasi, na chuma hakikutajwa kama kitu kilichoongezwa. Hata hiyo haitakosa chuma kabisa, kwani fosfeti na chokaa itumiwayo viwandani huja nacho. Kama orodha haipo, chumvi nyeupe ya kawaida ni salama kuliko jiwe zuri lisilo na maandishi. Chumvi yenye shaba nyingi isiachwe mahali kondoo wafikapo, kwa kuwa shaba imfaayo punda humwua kondoo. Na mchanganyiko wowote uliotiwa monensini, dawa itumiwayo katika chakula cha kuku na cha ng'ombe, usimkaribie punda hata kidogo: humsimamisha moyo.

Liko jambo moja zaidi, nalo halina gharama. Ulimi wa ng'ombe ni kama tupa, hulikwangua jiwe la chumvi kwa raha. Ulimi wa punda ni laini, na mbele ya jiwe gumu huchoka kabla hajapata haja yake. Yeye apewe chumvi iliyosagwa, kiasi cha kijiko kimoja, katika sufuria kuukuu au kipande cha gurudumu la gari, alfajiri, ng'ombe wakiwa bado zizini na shogi hazijafungwa.