Bibi na Bwana Afya

Swali la semina yetu lilikuwa fupi: katika tamthiliya ya Sophocles, Antigone, mhusika mkuu ni nani, Antigone au Creon? Wengi walimchagua Antigone. Jina la mchezo ni lake, na ndiye anayemfunika kaka yake Polynices kwa vumbi ilhali mfalme amekataza asizikwe. Wachache wakamtetea Creon kwa hesabu: Antigone anaondolewa jukwaani ikiwa imebaki karibu theluthi ya mchezo. Creon yupo mpaka mwisho, anapoteza mwana na mke, na anaishi kuyaona aliyoyatenda.

Mimi nilikuwa nikiwasikiliza huku mawazo yako Ujiji.

Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukweni jirani na mpaka wa Burundi, ambako maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejazana wakisubiri usafiri. MV Liemba ikawaleta Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka huohuo ugonjwa ukamchukua baba yangu mdogo, mbeba mizigo. Aliugua usiku, kufika adhuhuri hayupo.

Amri ilijulikana: maiti ya kipindupindu hairudi nyumbani, haioshwi na ndugu, inazikwa na watu wa afya. Bibi akaenda kwa bwana afya. Hakupiga kelele.

“Mwanangu, huyu nilimwogesha mimi alipozaliwa. Leo nisimguse?”

“Bibi, nikikuruhusu, wiki ijayo nitakuzika na wewe.”

Wote wawili walisema kweli. Maiti ile ingeweza kuambukiza, na msiba ambao watu wanaosha maiti kisha wanakula pamoja unaweza kuzaa misiba mingine. Creon hana hoja kama hiyo. Kwake kumwacha Polynices juani ni adhabu tu, na Tiresias anamweleza wazi kwamba ni marufuku yenyewe inayouchafua mji, kwa kuwa ndege na mbwa wanaibeba nyama ya maiti hadi madhabahuni.

Shekhe wa mtaani akatukumbusha kwamba maji yasipowezekana, maiti hutayamamishwa. Bwana afya akafikiri, akakubali. Mtu mmoja akavalishwa glavu, akapitisha udongo mkavu juu ya mfuko uliofungwa. Bibi alitazama kwa mbali. Tukasali sala ya jeneza, watu wachache, wamesimama mbalimbali.

Creon naye hulegeza, ila kwa kuchelewa. Wazee wanamshauri amtoe kwanza msichana pangoni, ndipo amzike marehemu. Yeye anaanza na maiti. Anapofika pangoni, Antigone ameshajinyonga.

Ndiyo maana katika insha yangu nilimpa Creon nafasi ya kwanza. Antigone ameshaamua tangu tukio la kwanza. Tunachosubiri ni kuona mwenye mamlaka atafanya nini akishaambiwa ukweli. Hata hivyo bila Antigone asingekuwepo wa kumwambia, na amri yake ingebaki tangazo ambalo hakuna aliyelipinga.

Bibi hajasoma mchezo huo. Bwana afya yule hamtaji kwa cheo chake. Humwita “yule aliyemzika mwanangu”, na akisema hivyo sauti yake haina hasira.