Kikombe Kilichomo Katika Taji la Miiba



Mmea tunaoutafakari juma hili wengi wenu mnaufahamu. Umepandwa katika makopo mbele ya nyumba hapa Maneromango, za Wakristo na za Waislamu, na hauhitaji maji mengi hata kiangazi kinapokaza. Shina lake limejaa miiba, majani yake ni machache, na juu hukaa vijiua vyekundu, kila kimoja kikiwa na kile tunachokiona kuwa petali mbili. Sisi tunauita taji la miiba. Wataalamu wanauita Euphorbia milii, kwa heshima ya Milius, gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion.

Wakati wa Kwaresima mwanakwaya mmoja alitujia na swali. Alikuwa amesoma kwamba ua la mmea huu ni “ua la uongo”. Ikiwa ni hivyo, je, chungu chake chaweza kubaki karibu na altare katika majira ambayo altare haipambwi kwa maua? Mwenzake akadakia kwamba, kama ni la uongo, basi heri litolewe kanisani mwaka mzima. Swali la kwanza lilituchekesha. La pili lilitukaa moyoni, kwa maana hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla mshtakiwa hajatazamwa.

Basi na tumtazame. Zile petali mbili si petali hata kidogo. Ni majani yaliyobadilika rangi. Katikati yake pana kikombe kidogo, kiasi cha punje ya mtama, na ukingoni mwa kikombe hicho zimo tezi tano zitoazo nekta. Ndani, katikati kabisa, kwa kawaida husimama ua moja la kike lisilo na petali, yaani ovari yenye vyumba vitatu pamoja na ncha zake za kupokelea chavua. Kulizunguka yapo makundi matano ya maua ya kiume, na kila ua la kiume limepunguzwa hata likabaki stameni moja tu. Kumbe kile tulichokiita ua ni jamii nzima ya maua ikaayo katika chombo kimoja, na wataalamu wamekipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya kikombe. (Kigiriki cha seminari hatimaye kimetufaa kwa jambo la bustanini.)

Mwanakwaya wetu asione haya kwa kutokulijua hilo. Linnaeus mwenyewe, Mswidi aliyeipanga mimea yote kwa hesabu ya stameni, katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliiweka mimea hii katika kundi la mimea yenye stameni zipatazo 12, kana kwamba kikombe kizima ni ua moja. Mapema katika karne ya 19 Robert Brown, Mskoti, alionyesha jambo dogo lililopindua hesabu hiyo: kila stameni ina kifundo katika kijiti chake. Stameni ya kawaida haina kifundo. Chini ya kifundo ni kikonyo cha ua. Juu yake ndiyo stameni. Na mmea wa jamaa hiyo uitwao Anthostema, uotao Madagaska na Afrika ya Magharibi, bado una kigubiko kidogo cha ua mahali pale pale penye kifundo. Hivyo kila kijiti ni ua kamili lililovuliwa mavazi yake yote.

Sasa, uongo uko wapi? Sisi hatuuoni. Mdudu avutwaye na wekundu wa yale majani hukuta nekta ya kweli na huondoka na chavua ya kweli. Ziko okidi zinazomwita mdudu zisimpe kitu, na hizo zingestahili jina hilo zaidi. Ua la plastiki nalo tungeliita bandia bila kusita. Muhogo, ambao wilaya yetu ya Kisarawe inaufahamu vema, ni wa ukoo huu mpana, ila haukufuata njia ya kikombe: maua yake ya kiume na ya kike hukaa wazi katika shada moja, kila moja na nafasi yake. Hakuna aliyeuita mkweli kwa sababu hiyo.

Jambo lisilo la kweli tumelisikia kwingine. Watoto wa mafundisho wamekuwa wakiambiwa kwamba huu ndio mmea waliousokota askari wa Pilato. Asili yake ni Madagaska, na hatuna sababu ya kudhani kwamba askari wale waliujua. Jina ni ukumbusho mzuri na libaki. Hadithi ile tunawaomba walimu waiache. Mateso ya Bwana hayakuhitaji msaada wake.

Kuhusu Kwaresima, Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 305, yanazungumzia kuipamba altare kwa maua, na pambo hupokewa na jicho, lisiloulizia stameni. Chungu kinatoka nje hadi Pasaka, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu. Atakayekibeba ajihadhari na utomvu mweupe, maana huunguza ngozi na kuumiza macho. Ukiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi safi na mtu apelekwe zahanati.

Anayetaka kuona kikombe bila wekundu wowote akatafute, kabla akina mama hawajafagia Jumamosi, lile gugu dogo litambaalo penye kokoto, lenye utomvu kama maziwa, ambalo wengine huliita mziwaziwa. Vikombe vyake ni vidogo mno, vimesongamana kwapani mwa majani, na bila kioo cha kukuzia havionekani vema. Vimo vile vile: wa kike katikati, wa kiume kandokando. Kutoka kila kimoja huchungulia kitunda cha pembe tatu, na ndani yake mbegu tatu.