KWA BAISKELI KUTOKA HURUMA HADI KARURA

Watu wapendao kutazama mahali pa kumbukumbu huambiwa mara nyingi waende karibu na Mai Mahiu, kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, wakalione kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara. Ni safari njema, na kanisa lile lastahili kutazamwa. Lakini mkaaji wa Huruma, mashariki mwa Nairobi, hana haja ya kupanda motokaa ili aone mahali ambapo vita na sala vimekaa bega kwa bega. Akiwa na baiskeli yenye tairi pana na breki nzima, asubuhi moja yamtosha kulifuata bonde la mto Mathare, kisha kupanda hadi msitu wa Karura. Safari hiyo haizidi kilometa kumi.

Njia yenyewe si ya lami. Ni udongo, majivu, changarawe na vipande vya matofali, na wakati wa masika hugeuka tope lishikalo magurudumu kama gundi. Afadhali msafiri aende wakati wa kiangazi, asubuhi, pamoja na mwenyeji ajuaye vijia na madaraja. Mahali pembamba yampasa ashuke na kuikokota baiskeli yake, awaamkie wazee, na awapishe wanawake wachukuao maji. Apitaye mlangoni mwa watu kwa mwendo wa kasi hukosa adabu, na tena hataona kitu.

HURUMA

Safari yaanza katikati ya majumba marefu ya mawe, yaliyosongamana hata jua halifiki chini. Wengi wanaokaa humo wamepanga chumba kimoja kimoja. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha, nyumba moja ya ghorofa sita iliyosimama karibu na maji ilianguka, na karibu watu hamsini walikufa. Watu wa jeshi, wa Msalaba Mwekundu na majirani walichimba kwa siku nyingi. Mtoto mchanga alitolewa kifusini akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na habari yake ilienea duniani kote. Tangu siku hiyo mtu wa Huruma akilitazama jengo refu lililo kando ya mto, hutazama kwanza msingi wake.

UWANJA WA NDEGE

Upande wa kusini, ng'ambo ya barabara ya Juja, kuna uzio mrefu wa kambi ya ndege iitwayo Moi Air Base. Uwanja huo wa Eastleigh ulifanywa kituo cha jeshi la anga la Uingereza mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, wakati majeshi yalipokuwa yakijitayarisha kupigana na Waitalia katika Somalia na Ethiopia. Tarehe 1 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alitua hapa pamoja na mumewe. Kabla ya siku nyingi kupita baba yake alifariki, naye akawa Malkia akiwa katika nchi hii. Hadi mwaka 1958, ulipofunguliwa uwanja wa Embakasi, abiria waliokuja Nairobi kwa ndege kubwa walishukia hapa.

Lakini watu wa bondeni waliujua uwanja huu kwa jambo jingine. Tangu mwisho wa mwaka 1953, ndege kubwa za kutupa mabomu ziitwazo Lincoln ziliondoka hapa kwenda kuishambulia misitu ya Nyandarua na mlima Kenya, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Watu wenye ndugu misituni walizisikia zikiondoka, kisha wakazisikia zikirudi. Tena tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa anga walipojaribu kuipindua serikali, kambi hii ilikuwa miongoni mwa mahali palipopigwa vita. Hivyo uzio huo mmoja umeona vita vya aina tatu: vya mataifa, vya kudai nchi, na vya askari dhidi ya serikali yao wenyewe.

MACHIMBO NA FUAWE

Msafiri akiendelea kuelekea magharibi huona kuta za mwamba zilizokatwa wima. Hayo ni machimbo ya zamani. Mawe yaliyotoka katika bonde hili yalijenga nyumba za mji, na mashimo yaliyobaki yakawa makao ya wale ambao mji haukuwapa nafasi.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali iliamini kwamba wapiganaji walipata chakula, fedha na risasi kutoka Nairobi, na bonde la Mathare lilitiliwa shaka kuliko mahali pengi. Vibanda vya bondeni vilibomolewa. Kisha, alfajiri ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, askari na polisi kama 25,000, chini ya Jenerali George Erskine, waliuzunguka mji mzima. Kazi hiyo waliiita Anvil, yaani fuawe, chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Watu walitolewa nyumbani mtaa kwa mtaa. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, yenye matundu ya macho tu. Aliyetikisiwa kichwa na mtu wa gunia alipandishwa lori. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini, wengi wao Mackinnon Road na Manyani, na wake na watoto wengi walirudishwa mashambani.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, watu walimiminika tena bondeni. Walijenga kwa udongo na mabati, wakachagua kamati zao za vijiji, wakaanzisha shule za watoto wadogo na kuamua mashauri yao wenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuwafanyia hayo.

Mnamo mwaka 2024 bonde lilipatwa tena. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, siku ileile ya mwezi ambayo Anvil ilianza miaka 70 kabla yake, mto ulifurika, na watu wakapanda juu ya paa kujiokoa. Wengine hawakuokoka. Mwezi wa Mei serikali iliamuru watu wote waliokaa ndani ya meta 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaja. Ni kweli kwamba mto una haki ya kingo zake, na kwamba nyumba iliyojengwa majini ni kaburi lililo wazi. Lakini ni kweli vilevile kwamba mtu akihamishwa bila kuonyeshwa pa kwenda, hurudi. Baada ya ubomoaji palibaki kando ya maji ukanda wa kifusi. Apitaye juu ya changarawe kama hiyo na akumbuke kwamba jana ilikuwa ukuta wa chumba cha mtu.

SALA KANDO YA MAJI

Asiyelijua bonde hili hudhani kwamba yaliyomo ni taabu na chang'aa tu. Na aje siku ya Jumapili. Ataona wafuasi wa Akorino katika mavazi meupe na vilemba, wakienda kwa ngoma. Ataona watu wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963, wamevaa kanzu za rangi mbalimbali. Atasikia nyimbo kutoka makanisa ya mabati yasiyo na jina mlangoni. Huko Eastleigh liko kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Teresa, na Kariobangi liko la Utatu Mtakatifu, lililotunzwa na mapadre wa Comboni. Mwenzao, padre Alex Zanotelli, alikaa miaka mingi Korogocho miongoni mwa maskini, katika nyumba kama zao. Kanisa la Redeemed Gospel, ambalo sasa lina matawi nchini kote, lilianza katika bonde hili katika miaka ya 1970. Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi waletwao kutoka kaskazini, sauti ya mwadhini husikika kabla ya mapambazuko.

Makanisa na misikiti hii imefanya jambo ambalo haisifiwi kwalo. Nyumba zilipovunjwa na watu kutawanyika, mara nyingi palikuwa ni mahali pa sala ambapo majirani walionana tena. Palepale walihesabiana: nani yuko hai, nani hajaonekana, mtoto wa nani analala kwa nani.

MATHARI

Karibu na barabara ya Thika iko hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910 kuwa mahali pa kuwaweka wagonjwa wa akili. Hata hapa vita viliingia. Dakta J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali hii tangu mwaka 1938 hadi mwaka 1950, aliombwa na serikali aandike juu ya Mau Mau, na kitabu chake kilipigwa chapa na mpiga chapa wa serikali mwaka 1954. Humo alilieleza jambo hilo hasa kama msukosuko wa akili za watu waliopoteza mila zao, wala si dai la ardhi. Mwaka 1961 Frantz Fanon, daktari wa akili kama yeye, aliyapinga maoni yake vikali. Msafiri anayetoka kwenye machimbo, akiwa ameona mahali watu walipokaa na jinsi walivyoondolewa, aweza kupima mwenyewe ni maelezo gani yaliyo karibu na kweli.

KARURA

Ng'ambo ya barabara ya Thika mambo hubadilika ghafula. Hapa ni Muthaiga, penye miti mikubwa na nyasi zilizokatwa, na klabu iliyofunguliwa tarehe 31 Desemba 1913. Barabara ya Kiambu hupanda hadi lango la msitu. Mpanda baiskeli hulipa ada yake, kisha hupata njia nzuri za udongo mwekundu chini ya miti.

Ndani ya msitu, kando ya mto Karura, yako mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, karibu kabisa na mji uliokuwa ukiwatafuta. Wazee wa Kigikuyu wamepahesabu kuwa mahali patakatifu, nao waingiao huombwa wanyamaze. Msitu huu nusura upotee: katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda miti langoni, na Januari 1999 walipigwa hadi damu ikawatoka. Hawakuacha. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel, na leo apandaye baiskeli Karura hupita katika kivuli alichokitetea.

Katika mito ipitayo msituni mmoja ni Gitathuru. Maji yake hushuka hadi Mathare, yakapita nyuma ya vibanda, yakaingia mto Nairobi, kisha Athi, na mwisho bahari karibu na Malindi. Wakulima wa huko chini humwagilia mboga kwa maji hayohayo, na mboga hizo hurudi kuuzwa sokoni Nairobi. Hakuna basi awezaye kusema kwamba uchafu wa Huruma ni shauri la watu wa Huruma peke yao.

KAZI ILIYOBAKI

Msitu wa Karura ulipata watetezi na uzio. Bonde lililo chini yake limebaki mikononi mwa wenyeji wake. Vijana wa Korogocho wamekwisha geuza jaa la takataka kando ya mto kuwa bustani, na hiyo ni kazi ya kusifiwa.

Kazi nyingine haihitaji fedha. Mtu aliyekuwa na miaka kumi asubuhi ile ya Anvil sasa amepita themanini. Karani ana kalamu, mwalimu ana wanafunzi, katibu wa kanisa ana daftari la ubatizo na la ndoa. Na wamwendee mzee kama huyo, wamwulize kwa heshima, waandike jina lake, kijiji chake na alichokiona. Akizikwa kabla ya kuulizwa, bonde litakuwa limebomolewa mara nyingine tena, na safari hii hapatakuwa hata na kifusi cha kuonyesha kwamba palikuwa na watu.