Kisu na Ala Yake



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naomba tutafakari juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mnacho kiunoni au jikoni: kisu.

Ninacho kimoja nilichorithi kwa marehemu baba yangu. Ubapa wake hauzidi urefu wa kiganja. Mhunzi alikifua kutokana na springi kuukuu ya gari, akakitia mpini wa mti na ala ya ngozi ya ng'ombe. Hakikunjwi, chuma chake kimepenya mpini wote, hivyo hakuna kiungo cha kuingia mchanga wala kulegea. Hushika kutu upesi, lakini kikifutwa na kupakwa mafuta hudumu. Nizungukiapo vigango vyetu hapa Kishapu, nakitumia kukata kamba za mizigo kwenye pikipiki, kuchomoa miiba katika soli ya kiatu na kumenya muwa. Baba alinifundisha mambo mawili: mpe mwenzio kisu kwa upande wa mpini, na usikichomoe alani ukiwa na hasira.

Zamani Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani. Chuma kilichotoa jembe kiliweza kutoa mkuki pia. Nabii Isaya, katika sura ya 2, hasemi chuma kitupwe. Anaona silaha zikifuliwa upya ziwe zana za shamba.

Jioni moja kijana alifika barazani kwangu. Hakuja kuungama, na ameniruhusu nisimulie haya bila kumtaja. Baba yake alikuwa amefariki, na mpiga ramli alikuwa amemtaja aliyemwua: shangazi yake, mjane mzee mwenye macho mekundu. Ndugu zangu, tunaujua mwisho wa maneno ya namna hiyo katika mkoa wetu wa Shinyanga na kule Geita. Vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho yaliyowekundu kwa moshi wa samadi na mabua ya pamba, moshi walioukalia miaka yote wakitupikia sisi.

Kijana aliweka kisu chake mezani, akasema, "Padre, nitunzie. Kikibaki kiunoni mwangu, sijui nitafanya nini."

Nilikipokea. Usiku ule sikupata usingizi, na haikuwa kwa hofu peke yake. Niliona aibu. Yule mama anaishi karibu na kigango chetu, nami sikuwahi kuingia nyumbani kwake hata mara moja. Nilikuwa nimeihubiri Amri ya Tano mara nyingi, lakini sikumjua mtu ambaye amri hiyo ilipaswa kumlinda.

Kwa idhini ya kijana, niliwashirikisha viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nao wakaanza kumtembelea mama huyo kwa zamu, ili kila mtu kijijini aone kwamba hayuko peke yake. Nami nilikwenda.

Msimu wa kuvuna viazi vitamu ulipofika, kijana alikubali kufuatana nami. Mlangoni pa shangazi yake nilimrudishia kisu, kwa upande wa mpini. Mama alimtazama kwa kitambo, kisha akasema, "Keti, mwanangu. Viazi ni vingi." Wakaketi wakikata michembe mpaka jua likazama. Hawakuzungumza mengi, wala sithubutu kusema kwamba uchungu wote uliisha siku ile. Ila kisu kilifanya kazi yake, na mama yule yu hai.

Wapendwa, kijana yule hakuwa na ala moyoni, akaja kuiazima kwa Kanisa. Je, angetukuta? Juma hili naomba kila jumuiya ijiulize ni bibi gani anayenong'onwa katika kitongoji chake, kisha waende kwake mchana, wabishe hodi, waketi na kula naye.

Mungu awabariki.