Mayai Matatu ya Sadaka

Juni 2008 nilishuka basi njia panda ya Machame, alasiri, nikiwa na begi moja, Biblia, kitabu cha nyimbo cha marehemu bibi yangu na sweta la kuazima. Hiace ilipoanza kupanda kati ya migomba na kahawa, baridi ikaingia dirishani, nikajua sweta lile halitoshi.

Uchungaji nilikuwa nautaka tangu darasa la kipaimara, lakini kwa miaka yote ile sikumwambia mtu. Nilipomaliza kidato cha sita nikamwambia mama, naye hakunikataza. Alisema tu kwamba kufundisha watoto Shule ya Jumapili nako ni huduma, na kwamba mtu anaweza kusomea sheria Mlimani na bado akamtumikia Mungu. Mchungaji wetu wa Dar es Salaam naye hakunipa nilichokifuata. Kwenda kusomea theolojia Makumira kunahitaji usharika ukupendekeze na dayosisi ikukubali, na yeye hakuwa tayari kuanza kuandika. "Nenda kwa babu zako," akasema. "Kaa na mwinjilisti miezi mitatu. Ukirudi bado unautaka, tutaandika barua."

Mtaa niliofikia ulikuwa na kanisa dogo la mawe, kengele juu ya mti, na mwinjilisti wa miaka karibu 60 ambaye alikuwa na funguo zote. Mchungaji wa usharika alihudumia mitaa kadhaa, kwa hiyo kwetu alifika kwa zamu, kutoa Chakula cha Bwana na kubatiza. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Mwinjilisti. Hivyo ndivyo watu walivyomwita, hata mkewe.

Wiki ya kwanza nilitazamia anipe zamu ya kuhubiri. Alinipa kamba ya kengele na kaunta buku. Kengele niligonga alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kaunta buku lilikuwa la mnada.

Aliyelelewa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa mnada. Pale Machame, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, mkulima asiye na fedha Jumapili huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, kuku, fungu la majani ya ng'ombe. Ibada ikiisha watu husimama nje, mzee wa kanisa ananadi, fedha inaingia sadakani. Mimi niliandika: kitu, mnunuzi, bei. Jumapili yangu ya pili mvulana alileta mayai matatu yaliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mzee akataja nyumba yalikotoka, na mnada ukabadilika sauti. Mtu akanunua akayarudisha, yanadiwe tena. Wa pili naye akayarudisha. Yale mayai matatu yaliuzwa mara tano, nami nikayaandika mistari mitano, bei ikipanda. Nilimuuliza Mwinjilisti ni ya nani. Akasema, "Kesho utamwona."

Alikuwa bibi kipofu, mjane, mwenye mguu uliovimba ambao haukumruhusu tena kufika kanisani. Ndani mlikuwa na giza na moshi wa kuni. Nilimpa shikamoo, nikaketi kwenye kigoda, nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeandaa sala usiku kucha. Ilikuwa na mafungu matatu ya Maandiko na ilikwenda vizuri. Niliisikia mwenyewe jinsi ilivyokwenda vizuri. Bibi akaitika amina, kisha akauliza, "Huyu ndiye atakayekuwa mama mchungaji?"

"Mchungaji, bibi," nikasema.

Akanyamaza. Kwa Kiswahili chetu mama mchungaji ni mke wa mchungaji, na yeye hakuwa na neno jingine la kuniwekea. Kanisa letu lilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, lakini katika mtaa ule hakuwahi kusimama mmoja madhabahuni. Nilitoka nikiwa nimeumia, nikidhani jambo lililoharibika ni lile.

Tulitembea kando ya mfongo, maji yakishuka upande wetu. Mwinjilisti hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye masale ya mpakani.

"Hukumuuliza anaumwa wapi."

Sikuwa na jibu.

"Umemwombea vizuri, mwanangu. Lakini hukumuuliza. Kesho rudi. Usiombe. Mchotee maji."

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Nilichota maji, nikachambua maharage, nikafagia banda la kuku. Siku ya nne ndipo nilipomuuliza, naye akaniambia kwa kirefu: mguu ulivyoanza, usiku ulivyo mrefu, mwanawe wa Tanga asiyepiga simu, hofu yake kwamba atazikwa mvua ikinyesha na watu watateleza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye karatasi yangu. Alipomaliza akaomba yeye, kwa Kimachame, akiwa amenishika viganja vyote viwili. Mimi Kimachame changu ni cha salamu tu. Nilitambua jina la Yesu, na baadaye kidogo nikalitambua jina langu.

Kama kuna siku naweza kuionyesha kidole na kusema hapa niliitwa, ni hiyo. Sikusikia sauti. Nilijua tu kwamba ningependa kukaa kwenye kigoda kile maisha yangu yote, na hofu niliyotoka nayo Dar haikuwa imeondoka.

Nilihubiri mara mbili tu kabla ya kuondoka mwishoni mwa Agosti. Siyakumbuki mahubiri yenyewe. Nakumbuka Mwinjilisti akinipa bahasha iliyofungwa nimpelekee mchungaji wangu, na mvulana akitukimbilia barabarani na kifurushi cha jani kavu la mgomba. Mayai matatu. Bibi amesema niyale njiani.

Sikuyala. Niliyapakata kuanzia njia panda, Same, Korogwe, Chalinze, mpaka Ubungo, na kila tuta dereva alilolipita kwa kasi nililiinulia mikono.

Mama aliyafungua mezani taratibu, jani kwa jani. Hakuna lililopasuka. Nikamwambia ni ya bibi mmoja kipofu wa mtaani, mwenye mguu mbaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la Mlimani, majibu yake nimeyapanga tangu Chalinze.

Mama akavuta kiti. "Mguu upi?" akauliza. "Anaumwa wapi hasa?"

Nikakaa, nikaanza kumweleza.