Nilinunua Inveta kwa Kuangalia Boksi

Kabla uulize: ni Rongai ya Nakuru, si ile ya Kajiado. Hatuna matatu za kelele hapa. Tuna mahindi, ng'ombe na stima inayopotea bila kuaga.

Usiku wa 25 Agosti 2023, ile siku karibu nchi nzima ilizima hadi JKIA ikawa giza, friji yetu ilikuwa imejaa maziwa ya kuuza. Stima iliporudi, maziwa yalikuwa yameganda vibaya. Mbwa alikula vizuri siku hiyo. Na hii ni kaunti yenye Olkaria, mvuke wa chini ya ardhi yetu unawasha taa hadi Nairobi!

Basi zamu ya Mathe kwa chama ilipofika, akanipa pesa yote mkononi. "Wewe ndiye umesoma. Nenda utuletee sola."

Paneli na betri nilichagua poa. Inveta ndiyo nilichagua kama mtu anayenunua viatu. Boksi lilikuwa jekundu, bei ilikuwa tamu, na mbele iliandikwa 600W kwa herufi kubwa. Friji yetu ni ya wati 120. Ukiongeza TV na taa, hatufiki 200. Nikajiona injinia.

Jioni tukaunganisha. Friji ikanguruma sekunde moja, inveta ikalia piiii, giza. Tukajaribu tena. Piiii. Mara ya tatu Mathe alisema tu, "Sawa." Akatoa maziwa, akayapeleka kwa jirani. Heri angenigombeza.

Fundi niliyemwita baadaye hakuangalia inveta kwanza. Aliuliza, "Kijana wangu, hapa nyumbani ni kitu gani kina mota?"

Hapo ndipo nilipojua sijui kitu. Friji ina mota ndani, na mota ikianza kuzunguka inaweza kuvuta hata mara tano ya ile nguvu inayotumia ikishatulia. Wati 120 mara tano ni 600. Na ile 600W ya boksi langu ilikuwa ya kupanda kwa muda mfupi tu. Chini, kwa herufi za sisimizi, waliandika kwamba nguvu ya kutumia muda wote ni 300W. TV na taa zikiwa zimewashwa, friji ingeanzaje?

Kuna mengine mawili aliyonionyesha. La kwanza, umeme wa inveta za bei ya chini hauji kama ule wa laini. Badala ya kupanda na kushuka polepole, unaruka kama ngazi. Taa haijali, lakini mota inapata joto na kunguruma. Kama una friji au pampu ya maji, tafuta iliyoandikwa "pure sine wave". Ni ghali zaidi, ndio. Friji mpya ni ghali kuliko hiyo tofauti.

La pili, inveta yenyewe inakula. Ikitumia wati 15 hata kama hujachomeka kitu, kwa saa 24 hizo ni wati-saa 360. Betri ya asidi ya 12V na 100Ah ina kama 1,200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Yaani zaidi ya nusu ya chakula chako inaliwa na mpishi.

Tulikaa miezi mitano tukiweka pesa kidogo kidogo, nyingine nikitoa kwa vijikazi vyangu vya kuhariri video. Ile nyekundu bado iko, inawasha taa na kuchaji simu.

Ninachosema ni hiki: usianze na duka. Anza na karatasi. Andika kila kitu utakachochomeka, wati zake, na uweke alama kwa chenye mota. Peleka hiyo karatasi kwa fundi mwenye leseni ya EPRA kabla pesa haijatoka mfukoni, hasa kama si pesa yako. Mimi niliona aibu kuuliza kwa sababu niliambiwa nimesoma. Hiyo aibu ililipwa na chama ya Mathe.

Siku hizi hata nikitaka kununua simu ananiuliza, "Na hiyo umeuliza kama ina mota?"

Haya, kwenu ni nini kina mota?